Uzito wa Nyaya

Mwezi wa saba ghala halina korosho.
Mizani imelala, imevikwa gunia,
panya wanatembea juu ya daftari la msimu uliopita.
Ufunguo ninao mie, karani,
na kila Jumamosi nafungua kwa kazi nyingine:

tunapima nyaya.

Tuko kumi na mmoja. Hatulipwi.
Mrope, askari wa pori, hutupa maji na maneno machache:
mstari mmoja, hatua ishirini kati ya mtu na mtu,
macho chini, anayeona aseme.
Kisha tunavuka Lumesule kwa miguu mikavu,
mto mchanga mtupu, alama za maji kingoni
kama mdomo wa mtoto aliyekunywa uji akasahau kujifuta.

Somoe ana miaka kumi na tisa, na hakosei.
Anasema nyasi zilizoinamishwa na mtu
hazina adabu ya nyasi zilizoinamishwa na upepo.
Hokororo alifungwa miaka miwili kwa nyama ya pofu;
yeye hatafuti, anakumbuka.
Anasimama pale ambapo angetega mwenyewe,
anainama, anavuta: waya.
"Huyu nilimfundisha mimi," anasema, na hacheki.

Saa nne tunakula ming'oko kwa chumvi.
Siku nyingine tunakuta tumechelewa:
mguu wa pongo, mguu tu,
na duara la udongo uliochimbwa kwa kwato usiku kucha.
Siku hiyo ming'oko inarudi nyumbani.

Ghalani naandika kwa mwandiko uleule wa stakabadhi.
Tarehe. Idadi. Kilo.
Waya wa umeme, mitatu. Wa seng'enge, tisa.
Hapa hakuna daraja la kwanza wala la pili,
hakuna mnada, hakuna mkulima wa kunitukana kwa bei.
Mwenyekiti wa chama aliniuliza, faida yake nini?
Nikamwambia, mwenyekiti,
iko hesabu ambayo raha yake ni kupungua.

Jumamosi ya nne Somoe akaniwekea mezani waya wa breki,
wa baiskeli, mwembamba, bado unang'aa,
na fundo lake –
nikakaa.
Fundo la kurudi mara mbili na kuficha ncha.
Baba alitufundisha kwenye magunia, mie na Dadi,
"ili mwizi akifungua usiku, asubuhi mjue."
Kijiji kizima wanaofunga hivyo ni wawili,
na mmoja ndiye aliyeshika kalamu.

Nikaandika: waya wa breki, mmoja. Gramu sitini.
Daftari halina safu ya majina.
Nilishukuru, kisha nikaona haya kwa kushukuru.

Jioni nilimkuta Dadi anaosha pampu ya salfa,
kope za njano, macho mekundu.
Baiskeli imeegemea ukuta,
breki ya nyuma inaning'inia bila kitu.
Salamu zetu zilikuwa fupi.
Nilisema, "Jumamosi, saa kumi na mbili. Uvae viatu."
Alisema, "Watoto walikula."
Nilisema, "Najua. Hata mie uliniletea bakuli."

Alikuja. Raba za mwanawe, zimembana.
Alitembea mbele ya mstari, mbele ya Mrope,
akang'oa saba bila kuonyeshwa na mtu,
na mstari mzima ukajifanya unatazama ndege.
Hokororo alimmegea ming'oko.
"Siku yangu ya kwanza kung'oa," akamwambia, "nilitapika."

Kilo mbili na robo. Niliandika.

Ule waya wa breki uko ghalani, kwenye msumari.
Dadi hajanunua mwingine.
Akishuka mteremko wa kwenda mtoni
hubana tairi kwa kandambili,
mpira unasugua mpira, namsikia toka mbali,
najua ni yeye,
najua ni Jumamosi.